King'ang'anizi wa Tabaka la Juu

Katika ghorofa ya pili ya makumbusho, mkono wa kulia ukimaliza ngazi, palikuwa na sanduku la kioo lenye taa ya peke yake. Ndani yake, juu ya kitambaa cheusi, lilikaa jiwe la ukubwa wa kisahani, lililojiviringa mfano wa pembe ya kondoo dume. Vitu vingine vyote vya ghorofa ile viligawana taa tatu, na moja ya hizo ilikuwa imeungua tangu mwaka juzi. Taa ya jiwe ilipoungua, fundi aliitwa siku ile ile.

Jiwe hilo zama za kale lilikuwa mnyama. Wataalamu humwita amonaiti, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi, aliyeishi baharini ndani ya gamba lake. Kadiri alivyokua alijijengea chumba kipya mbele ya kile cha zamani na kuhamia humo, akiviacha vyumba vya nyuma vitupu, kama wafanyavyo wakubwa wa ofisi. Ukoo wote wa amonaiti ulitoweka duniani kabla hajazaliwa binadamu wa kuulilia. Jenasi moja, yaani tawi moja la ukoo huo, iliishi miaka milioni chache, ikafa, nyingine ikashika nafasi. Kwa sababu hiyo wachunguzi wa miamba huwaheshimu mno wanyama hawa: ukimkuta amonaiti fulani katika tabaka fulani, umekwisha kujua umri wa tabaka hilo bila kumsumbua mtu. Walikuwa viumbe wenye adabu. Wakati wao ulipofika, waliondoka.

Isipokuwa huyu. Wenzake wa jenasi ile walipatikana kwa mamia katika tabaka la chini la machimbo ya chokaa, wamelala pamoja kama ndugu. Yeye peke yake alipatikana katika tabaka la juu, miaka milioni kumi na mbili baada ya msiba wa jenasi yake. Jina lake la Kilatini lilikuwa refu kama treni ya mizigo, na katika behewa la mwisho alipanda Profesa aliyemgundua. Watumishi wa makumbusho, wasio na nafasi ya Kilatini, walimwita King'ang'anizi. Wapo waliosema kuwa jina hilo lilimfaa zaidi Profesa mwenyewe, maana alikwisha kustaafu mara tatu, mara zote akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, na mara zote Jumatatu iliyofuata akaonekana tena mlangoni akiuliza barua zake. Sasa alikuwa mwenyekiti wa bodi. Lakini hayo yalisemwa kwa sauti ya chini, mahali pa kuoshea vikombe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwa hakika jinsi King'ang'anizi alivyofika tabaka la juu. Mtu huyo alikuwa Mama Brashi.

Jina lake la ubatizo lilikuwamo katika faili, na humo lilistarehe bila kusumbuliwa. Kila mtu alimwita Mama Brashi kwa ajili ya kazi yake ya kusafisha visukuku, yaani wanyama na mimea iliyogeuka mawe. Aliketi katika karakana ya chini, dirisha likiwa kushoto kwake, na kwa sindano, brashi na subira alimtoa mnyama katika mwamba kama mkunga. Kazi ya pili, ya kutunza droo elfu nne na daftari lake, aliifanya kwa miaka kumi na tisa akiitwa Kaimu Mhifadhi. Mtoto aliyezaliwa siku aliyopewa ukaimu huo alikwisha kumaliza shule. Kila mwaka bodi ilimpongeza kwa uvumilivu, na kila mwaka ikaona busara kumwachia nafasi ya kuendelea kuvumilia. Sasa ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu. Kaimu hustaafu na kwenda zake. Mhifadhi kamili huruhusiwa kubaki miaka mitatu zaidi amalize daftari, na daftari la Mama Brashi lilikuwa limebakiza droo mia sita. Hicho ndicho alichokitaka duniani: kufunga droo ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Bodi ilikuwa na kikao Alhamisi.

Habari ya machimbo ilikuwa hivi. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyeajiriwa juzi, alifuatana na Profesa machimboni. Asubuhi ile aliokota amonaiti mzuri katika tabaka la chini, na kwa kuwa karatasi za kufungia zilikwisha, akambeba mkononi. Adhuhuri Profesa akatandaza ramani yake juu ya ukingo wa tabaka la juu. Upepo ukainuka, ramani nayo ikataka kwenda zake.

"Binti! Tafuta kitu ukandamize hapa!" alifoka Profesa bila kuinua macho.

Binti akakandamiza kwa kilichokuwa mkononi. Dakika kumi baadaye mvua ikashuka kwa ghadhabu, wao wakanyakua ramani na kukimbia, kila mmoja akiokoa alichokiona cha thamani. Profesa aliokoa ramani na kofia. Amonaiti hakuokolewa na mtu.

Kesho yake walimkuta amezama nusu katika tope la tabaka la juu, ametulia kama aliyezaliwa hapo. Profesa alipiga magoti, kitendo ambacho hakuna kanisa lililopata kumwona akikifanya.

"Profesa," binti alianza, "hilo jiwe nadhani ni lile la jana, lile nililo..."

"Nyamaza, binti. Mwamba unazungumza."

"Lakini, Profesa, jana nililiweka..."

"Nimesema nyamaza! Andika: limepatikana ndani ya mwamba, tabaka la juu. Andika kwa hati nzuri."

Akaandika kwa hati nzuri. Alikuwa na mwezi mmoja kazini na mama mgonjwa nyumbani, na shule aliyosoma ilimfundisha kuwa mtoto hamkosoi mkubwa. Shule hiyo hiyo ilimfundisha pia kuwa asiseme uongo. Mafunzo hayo mawili hayakuwahi kukutanishwa darasani.

Profesa alichimba tabaka lile misimu mitatu kuwatafuta ndugu wa King'ang'anizi. Hakupata hata kucha, kama amonaiti wangekuwa na kucha. Mwenye akili ya kawaida angetia shaka, lakini Profesa alikuwa na akili iliyozidi hiyo. Alitangaza kwamba kumbukumbu ya miamba ina mapengo, mwamba hautunzi kila kitu, na kukosekana kwa wengine ni ushahidi wa jinsi huyu mmoja alivyo adimu. Hakika ni hoja isiyoweza kushindwa: ukipata kitu, una haki, na usipopata, una haki zaidi.

Basi ikaja barua. Iliandikwa na Mtafiti, mwanamke wa makumbusho ya mbali, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa hadubini viganda vya viumbe vidogo kuliko chembe ya unga, vilivyomo katika tope la kale. Kila tabaka lina viganda vyake, na havigeuzi kauli. Aliomba kwa unyenyekevu tope kidogo, ujazo wa ukucha, kutoka chumba cha mbele cha gamba la King'ang'anizi, mle alimoishi mnyama mwenyewe. Tope lililoganda humo lingesema King'ang'anizi alizikwa tabaka gani. Angefika Jumatano.

Jumatatu Profesa alishuka karakanani. Hakuwa ameshuka huko kwa miaka sita, akagonga kichwa kwenye boriti ambayo watu wote wa huko waliijua.

"Pole, Profesa," alisema Mama Brashi, akisimama.

"Si kitu. Kaa, mama, kaa. Aa, karakana imependeza! Umepaka rangi?"

"Bado, Profesa. Tuliomba rangi miaka minne iliyopita."

"Vizuri, vizuri sana." Profesa alikuwa na kipaji cha kusikia sehemu ya jibu aliyoipenda. Akatoa mfukoni kifurushi cha kitambaa na kukiweka mezani. Alikuwa King'ang'anizi, ametolewa katika sanduku lake. "Unajua tunafungua ukumbi mpya mwisho wa mwezi. Ukumbi wenye jina langu. Si mimi niliyetaka, walinilazimisha."

"Nilisikia, Profesa. Nilisikia ulikataa kwanza."

"Nilikataa mara mbili! Sasa nataka huyu bwana mdogo ang'ae. Msafishe. Nje, na ndani pia. Hasa ndani. Lile tope la chumba cha mbele linamharibia sura."

Mama Brashi akamtazama King'ang'anizi. Kwa miaka thelathini na mmoja tope lile halikuwa limemharibia mtu yeyote sura.

"Profesa, yule mgeni wa Jumatano ameomba tope hilo hilo."

"Ameomba? Ah, ndiyo, kuna barua fulani. Vijana wa siku hizi, mama! Sisi tulimwangalia mnyama machoni tukajua umri wake. Wao wanataka kumkwangua tumbo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Jumanne jioni awe tayari. Na Alhamisi, kama unavyojua, bodi inakaa. Mimi binafsi, moyoni mwangu, naona miaka kumi na tisa ya ukaimu inatosha. Inatosha kabisa! Ila wajumbe hupenda kuona mtu anayemaliza kazi anayopewa."

"Nimekuelewa, Profesa."

"Ndiyo maana nakupenda. Huna maneno mengi."

Akaondoka, akagonga kichwa kwenye boriti mara ya pili.

Mumewe Mama Brashi alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na kwa kuwa hakubakiwa na wanafunzi, alisahihisha gazeti. Jioni ile alimkuta mezani ana kalamu nyekundu mkononi, akiupa ukurasa wa mbele alama thelathini na tano kwa mia. Alimsimulia yote, hata la machimboni, ambalo hakuwa amelisema kwa mtu yeyote aliye hai. Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Ngoja, mama watoto. Yule mnyama wenu mwenye taa yake. Wewe ndiye uliyempandisha?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako huu?"

"Kwa mkono huu. Kukandamiza ramani."

"Basi umempa miaka milioni kumi na mbili asiyostahili, na mimi nakuomba mitano tu ya magoti, umeninyima."

"Mwalimu, sina mchezo."

"Nami sina. Magoti yananiuma kweli." Akamsogezea kiti. "Sasa unataka kufanya nini?"

"Nikimsafisha, nitakuwa Mhifadhi. Nikikataa, baada ya miezi miwili nipo hapa nyumbani, tunasahihisha gazeti wawili."

"Mhifadhi wa nini?"

"Wa visukuku. Wa droo zangu."

"Droo elfu nne, na moja ya uongo. Mimi mwanafunzi aliyeniletea hesabu elfu nne, moja akaibandika jibu la jirani huku akijua, sikumwadhibu kwa ile moja. Nilirudia kuzisahihisha zote." Akachukua tena kalamu yake. "Lakini wewe si mwanafunzi wangu. Ungekuwa, ungekuwa na hati mbaya zaidi."

Mama Brashi alikasirika kwanza, kama mtu anavyokasirika akiambiwa lililokwisha kumkalia rohoni, akaenda kupasha chakula moto kwa kelele nyingi za sufuria.

Jumanne alimsafisha King'ang'anizi. Naam, alimsafisha, na asiseme mtu kwamba Mama Brashi alipata kuiacha kazi aliyoagizwa. Alianza saa mbili asubuhi, akalowesha tope kwa matone ya maji yaliyochujwa, akalichokonoa kwa sindano nyembamba, akalifagia kwa brashi ya manyoya. Kufikia saa tisa alasiri chumba cha mbele kilikuwa kitupu na cheupe kama kikombe cha wageni. Tope lote lilianguka juu ya karatasi safi iliyotandikwa chini ya jiwe, kama ilivyo desturi ya karakana yoyote inayojiheshimu. Msafishaji wa visukuku hatupi vumbi. Kinachotoka katika jiwe ni cha jiwe, hukunjwa katika bahasha, hupewa namba ya jiwe lake, huandikwa tarehe na jina la aliyekitoa, na huwekwa kabatini. Mama Brashi alikwisha kuweka bahasha za namna hiyo elfu mbili na zaidi. Profesa, aliyechapisha vitabu saba juu ya visukuku, hakuwa anajua kuwa kabati hilo lipo. Jambo hilo halishangazi. Vitabu havifagii.

Akaikunja bahasha, akaiandika namba. Akaongeza tarehe na jina lake. Kuitunza bahasha ilikuwa desturi tu, na desturi haimgombanishi mtu na bodi. Kuitoa kabatini ndilo lilikuwa jambo, na Jumanne hakuna aliyemwomba aitoe.

Jumatano saa nne Mtafiti akaingia ofisini kwa Mkurugenzi, mwanamke mwembamba mwenye kisanduku cha vichupa vya kioo na viatu vilivyozoea mawe. Mkurugenzi alikuwapo, mtu mpole ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila kumtazama Profesa aone kama inaruhusiwa kumalizika. Profesa alikaa kwenye kiti cha Mkurugenzi. Mama Brashi alisimama karibu na mlango, kwa kuwa ndiye aliyembeba King'ang'anizi.

"Shikamoo, mama," Mtafiti alimgeukia yeye kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Njema. Nimesoma lebo zako tangu nikiwa chuoni. Hati yako naijua kuliko ya mama yangu."

Mama Brashi alitamani angeambiwa jambo jingine lolote.

Kitambaa kikafunuliwa. Mtafiti akalichukua jiwe, akaligeuza mwangani, akachungulia chumba cha mbele. Akachungulia tena.

"Limesafishwa," alisema.

"Limesafishwa!" Profesa aliitikia kwa masikitiko makubwa, akipiga paja. "Ni maandalizi ya ukumbi. Barua yako ilichelewa kunifikia mezani. Ajali ya kiutawala. Mkurugenzi, si ilichelewa?"

"Ilichelewa kwa..." Mkurugenzi akamtazama. "Ilichelewa."

"Tope lote?" aliuliza Mtafiti.

"Lote, mwanangu, lote. Nami nimeumia kuliko wewe. Sayansi imepoteza. Lakini ndiyo dunia, kumbukumbu ina mapengo yake. Utakunywa chai?"

Mtafiti alilirudisha jiwe juu ya kitambaa polepole. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alifungua tu kisanduku chake, akaanza kuvirudisha vichupa vitupu, kimoja kimoja, kila kimoja katika tundu lake. Vilikuwa kumi na viwili. Alikuwa amesafiri siku mbili navyo. Mama Brashi, ambaye maisha yake yote alirudisha vitu mahali pake, alivitazama mpaka cha saba, na hapo akaona hawezi kukitazama cha nane.

"Tope lipo," alisema.

Profesa akageuka. "Mama, tutakuita tukikuhitaji."

"Lipo kabatini, Profesa. Bahasha yenye namba ya jiwe. Uliniagiza nilisafishe, nimelisafisha. Hukuniagiza nitupe, na hata ungeniagiza, vumbi la jiwe halitupwi."

"Hakuna kabati kama hilo!"

"Lipo nyuma ya mlango wa karakana, Profesa. Ukigonga kichwa kwenye boriti, linakuwa kushoto kwako."

Mkurugenzi akakohoa ili asicheke, na baada ya kukohoa akaogopa kukohoa kwake. Mtafiti aliacha kufunga kisanduku.

"Na si hilo tu," Mama Brashi aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa kavu, maana alijua kwamba akimeza mate atanyamaza. "Usihangaike sana na hadubini, mwanangu, ingawa lazima uhangaike, maana neno langu si ushahidi. Jiwe hilo nililiokota mimi katika tabaka la chini. Nikalipeleka juu mimi. Lilikuwa linakandamiza ramani, mvua ikanyesha, tukaliacha. Lebo ile uliyoisoma chuoni ni hati yangu nzuri na uongo wangu mbaya."

Profesa alijibu kwa upole wa kutisha.

"Mama huyu amefanya kazi sana. Amechoka. Kumbukumbu ya mtu wa miaka hamsini na minne..."

"Ina mapengo," alisema Mama Brashi. "Lakini si hapo. Ulisema, 'Binti, tafuta kitu ukandamize hapa.' Ulikuwa na kofia ya majani, imetoboka upande."

Kofia ndiyo iliyomponza. Profesa alifungua kinywa kukana yote, lakini kofia ile aliipenda, mkono wake ukapanda wenyewe kichwani, upande uliotoboka, ukashuka tena.

Mtafiti alishuka karakanani, akapewa bahasha, akakaa na hadubini mpaka jioni. Viganda vya tope lile vilikuwa vya tabaka la chini, vyote, bila hata kimoja cha kumfariji Profesa. Alhamisi saa tano, bodi ilipokaa, karatasi ya matokeo ilikuwa mezani pao.

Mama Brashi aliambiwa asubiri nje. Mlango wa chumba cha bodi ulikuwa haufungiki sawasawa, jambo aliloliripoti kwa maandishi mara nne, na sasa, akiwa amekaa benchini, akashukuru kwamba hakusikilizwa.

Profesa alifungua kikao kwa hotuba. Alisema kwamba mwanasayansi wa kweli haogopi kusahihishwa. Alisema yeye mwenyewe, tangu zamani, alikuwa na mashaka, na kwamba kwa namna fulani ndiye aliyeufungulia njia uchunguzi huu kwa kuamuru jiwe lisafishwe. Wajumbe wakapiga makofi. Kisha akasema, kwa uchungu wa baba, kwamba kosa la mtumishi wa chini lililoidanganya taaluma kwa miaka thelathini na mmoja haliwezi kupita hivi hivi. Apewe onyo kali la maandishi, liwekwe katika faili, kabla hajastaafu.

"Wanaokubali?" aliuliza.

"Samahani, Mwenyekiti." Ilikuwa sauti ya Katibu wa bodi, mtu mkavu aliyelala na kanuni chini ya mto. "Kifungu cha arobaini na moja. Onyo la maandishi hutolewa kwa mtumishi aliyethibitishwa katika cheo. Huyu ni kaimu. Kaimu huonywa kwa mdomo."

"Kwa mdomo! Kosa la miaka milioni kumi na mbili, kwa mdomo?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, Mwenyekiti."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, Mwenyekiti. Ulipostaafu mara ya kwanza."

Nje, Mama Brashi alijifunika mdomo kwa kitambaa.

Wakabishana kwa nusu saa. Mjumbe mmoja alishauri kumwonya kwa mdomo lakini kwa sauti kubwa. Mwingine alishauri kuufuta ukaimu, ikaonekana kwamba asiye na cheo kabisa haonyeki hata kwa mdomo. Mwishowe Profesa, ambaye hasira ilimzidi busara, alipiga meza.

"Basi athibitishwe! Athibitishwe halafu aonywe! Kuna ugumu gani?"

Katibu alisema hakuna ugumu. Wakapiga kura, wakamthibitisha kwa kauli moja. Wakapiga kura tena, wakamwonya kwa kauli hiyo hiyo. Aliitwa ndani, akapewa barua mbili kwa utaratibu wake, ya kwanza ikimpongeza kwa uadilifu usio na doa, ya pili ikimkaripia. Kati ya ya kwanza na ya pili zilipita kama dakika mbili. Ndio muda ambao makumbusho yale yalikuwa na Mhifadhi asiye na lawama.

"Unalo la kusema?" Profesa alimwuliza.

"Onyo ni la haki, Profesa. Nilipaswa kulipata nikiwa na miaka ishirini na mitatu."

"Vema. Sasa hili la matokeo." Akaisukuma karatasi ya Mtafiti pembeni kwa kidole kimoja. "Yatahifadhiwa. Tutaunda kamati. Daftari la makumbusho lisiguswe mpaka kamati itoe maoni, na kamati haiwezi kukaa kabla ya kufunguliwa ukumbi. Labda mwaka ujao. Labda mwaka wa mbele yake. Miamba haina haraka."

Mtafiti, aliyekuwa amealikwa kutoa maelezo na hakupewa nafasi ya kuyatoa, alimgeukia Katibu.

"Samahani, nani mwenye mamlaka ya kurekebisha daftari?"

"Mhifadhi," alijibu Katibu. "Peke yake. Kifungu cha kumi na sita."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Profesa, akikusanya miwani yake, "lakini kwa miaka kumi na tisa hatuna Mhifadhi."

Katibu alitazama saa yake, kisha akayatazama maandishi yake mwenyewe ya kikao, ambayo wino wake ulikuwa bado unang'aa.

"Tunaye, Mwenyekiti," alisema. "Tangu dakika saba zilizopita."

Mama Brashi alikunja barua zake mbili, ya pongezi ndani na ya onyo nje, akazitia mkobani.

"Mwanangu," alimwambia Mtafiti, "twende chini ukanisomee majina ya hivyo viganda polepole, niyaandike bila kukosea. Na wewe, Profesa, karibu kama utapenda kushuhudia. Ila inama pale kwenye boriti."

Profesa hakushuka. Inasemekana alibaki amekaa katika chumba cha bodi mpaka wajumbe wote walipokwisha kuondoka, na Katibu, ambaye alipaswa kukabidhi funguo saa saba kamili, alilazimika kumsubiri.